Mashine ya bisi ya hewa moto kwa anayepunguza uzito: mtego uko kwenye kipimo chake

Mashine hizi ndogo za bisi, za wati 1,200 hivi, zinanadiwa kwa maneno matamu: weka mbegu, subiri dakika tatu, kula bila hofu kwa sababu hakuna mafuta. Dakika tatu ni kweli. Hilo la kula bila hofu lina masharti, na la kwanza limo ndani ya boksi lenyewe.

Kikombe cha kupimia kinachokuja na mashine hubeba gramu 60 hadi 100 za mbegu, kutegemea aina. Gramu 100 zikishalipuka ni bakuli la familia nzima, kalori zaidi ya 300. Ukila peke yako mbele ya televisheni, hicho ni chakula cha usiku cha pili. Kipimo cha mtu mmoja anayejibana ni vijiko viwili vya mezani vya mbegu, vilivyosawazishwa, karibu gramu 28. Hapo unapata vikombe vitatu hadi vinne vya bisi, takriban kalori 100, na nyuzinyuzi gramu tatu na ushei. Karanga za kukaanga gramu 50 tu zina kalori zaidi ya 280, na zinaisha kabla taarifa ya habari haijafika kwenye michezo.

Ujazo ndio unaouzwa hapa. Njaa ya usiku si ulafi tu: utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa 2013, watu 12 ndani ya maabara, ulikuta kwamba saa ya mwili yenyewe hupandisha njaa hadi kileleni karibu saa mbili usiku na kuishusha kabisa karibu saa mbili asubuhi. Anayetaka kutafuna saa hizo anahitaji kitu kinachojaza mkono na mdomo kwa muda mrefu. Katika vipimo vya shibe vya Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, vya 1995, ambapo vyakula vililinganishwa kwa kalori sawa na mkate mweupe ukapewa alama 100 (alama kubwa ni shibe zaidi), bisi zilipata 154, krisps 91 na karanga 84. Ila tusiipambe mashine: viazi vya kuchemsha vilipata 323. Kama chakula cha jioni kilikuwa ugali na mchicha mtupu, tumbo linadai protini, na bisi hizo zina gramu tatu tu. Yai moja la kuchemsha litakusaidia zaidi.

Sasa kasoro. Ukiweka vijiko viwili pekee, mbegu zinakuwa nyepesi mno kwa ule upepo. Zinazunguka kwa kasi, na za kwanza kulipuka zinazisukuma nyingine nje zikiwa bado mbichi na za moto, zinaruka hadi sakafuni. Kuinamisha mashine kidogo kwa nyuma katika sekunde 60 za mwanzo kunapunguza tatizo, hakuliondoi. Suluhisho zuri zaidi ni kulipua gramu 60 kwa mkupuo, kugawa nusu kwa nusu, na nusu moja kuitia kwenye kopo lenye mfuniko unaobana zikishapoa kabisa. Zikifunikwa zikiwa na joto, mvuke unazilegeza na kesho yake zinatafunika kama sponji. Gawa kabla ya kuonja, na pakiti ya mbegu irudi kabatini kabla hujabonyeza swichi.

Zima milio ikipishana kwa sekunde mbili au tatu. Kusubiri kila mbegu ilipuke ndiko kunakounguza zile za chini. Kati ya mkupuo na mkupuo iache ipoe dakika kumi, la sivyo kinga ya joto inakata umeme na watu wanadhani imekufa.

Mbegu bubu, yaani zisizolipuka, zikiwa nyingi, usilaumu mashine kwanza. Bisi hulipuka kwa mvuke wa maji yaliyomo ndani ya mbegu, ambayo yanatakiwa kuwa asilimia 13 hadi 14. Mbegu zilizokaa kwenye mfuko wazi dukani zimekauka. Chukua nusu kilo, tia kwenye chupa yenye mfuniko na vijiko viwili vya chai vya maji, tikisa vizuri, rudia kutikisa mara kadhaa kwa siku tatu, kisha jaribu. Mahindi ya kawaida ya ugali hayafai: ganda lake halizuii mvuke hadi shinikizo litoshe.

Ladha ndipo wengi wanaposhindwa na kurudi kwenye chipsi. Bisi za hewa ni kavu, chumvi inateleza yote chini ya bakuli, na mtu anaongeza tena na tena. Twanga chumvi iwe laini kama poda, changanya na pilipili ya unga, kisha nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha mafuta juu ya bisi huku ukizigeuza. Hayo ni kalori 40 hivi, na yanatosha kushikilia viungo. Ndimu kama ya muhindi wa kuchoma inavutia, lakini matone yakizidi bisi zinanywea. Mafuta, chumvi au sukari visiingie ndani ya mashine kamwe. Vinaungua na kutoa moshi.

Umeme si hoja: dakika tatu ni kama uniti 0.06. Kelele ndiyo hoja, maana inavuma kama dreya ya saluni, na kwenye nyumba ya kupanga jirani atajua ratiba yako ya kula. Iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani itakuwa ya volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu inaungua.

Watoto chini ya miaka minne wasipewe bisi, zinakaba. Anayetumia insulini ahesabu wanga wake, karibu gramu 19 kwa kile kipimo cha vijiko viwili.

Inunue kama nyumbani mko zaidi ya mmoja na bisi mnazipenda kweli. Mwenye sufuria nzito na mfuniko wake hana haja nayo: kijiko kimoja cha chai cha mafuta, mbegu tatu za kujaribia, zikilipuka mimina zilizobaki, funika ukiacha upenyo wa mvuke, moto wa wastani, tikisa. Akimimina mafuta kwa kijiko cha mezani, kila kijiko kinaongeza kalori 120.