Jina Jipya, Jalada Jipya, Kitabu Kile Kile: Nilivyouziwa Legends & Lore

Hasira hizi ninazo wiki kadhaa sasa, na mke wangu ameshaniambia ama niziandike ama nikalale nazo sebuleni. Basi naandika.

Naishi Minneapolis. Alhamisi usiku, sisi ambao hatuna zamu tunakutana watu watano kucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa na wachawi kwa kete na vitabu vya kanuni, tena lile toleo la wazee, si hili la siku hizi. Vitabu vyake vya zamani huku havina shida kuvipata, maana mchezo wenyewe ni wa hapa hapa: Dave Arneson, mmoja wa wawili walioubuni, alikuwa mtu wa St. Paul, ukivuka mto tu, na mwenzake Gary Gygax alikuwa Lake Geneva, jimbo jirani la Wisconsin. Watu wazima wanafariki au wanahama, watoto wao wanapeleka maboksi kwenye maduka ya mitumba.

Mimi nilikuwa nacho tayari Deities & Demigods, yaani Miungu na Nusu-miungu, kitabu cha mchezo huo cha 1980 kinachoorodhesha miungu ya mataifa mbalimbali. Changu ni kile cha kurasa 128. Cha mwanzo kabisa kilikuwa na 144, kabla hawajazing'oa sura mbili za hadithi za waandishi wengine, na hicho sasa wenye pesa ndio wanaokigombania. Miye na hicho changu tuliridhiana. Jalada lake alichora Erol Otus: miungu mikubwa inakabiliana huko juu na binadamu wako chini kama siafu. Ni mchoro wa ajabu, rangi kama za ndoto ya mgonjwa wa malaria. Ama unaupenda ama unageuza kitabu kifudifudi.

Sasa siku hiyo nimeingia duka moja, jina naliacha, nikaona rafuni kitabu kingine: Legends & Lore. Hekaya na simulizi za kale! Jalada zuri, limechorwa na Jeff Easley, uti wa mgongo wa rangi ya chungwa. Kimefungwa kwenye plastiki na gundi, huwezi kuchungulia. Moyo ukanidunda kwa sababu ambayo wenzangu pale mezani wasingeielewa. Kile cha kwanza kina miungu ya Wagiriki, Wahindi, Wachina, Wajapani, Wasumeri, kina hata mashujaa wa Wafini na mashujaa wa meza ya Mfalme Arthur, lakini Afrika yote imeishia Misri. Hatupo! Nikajisemea, huenda hiki ndicho walichotukumbuka.

Kaunta ana jamaa anapaka rangi kijisanamu cha mchezo, cha madini ya risasi, kwa brashi nyembamba kama unyoya wa njiwa. Nikamwambia, "Samahani, Deities & Demigods ninacho. Hiki kina tofauti gani?" Hakuinua macho. Akamalizia kwanza kupaka kilemba cha yule mchawi wake, kisha akasema, "Kile ni kile, hiki ni hiki." Nikalipa dola 45. Bwege mimi.

Nyumbani nikakata plastiki kwa kisu cha jikoni. Zeus, pointi za uhai 400. Nikatoa changu cha zamani. Zeus, 400. Odin, 400 kwa 400. Michoro ile ile, mistari ile ile. Nikawafuata Wasumeri, wale wale. Wafini, wale wale. Nikahesabu kurasa: 128. Mke wangu akapita na kikombe cha chai, akaangalia vitabu viwili vimefunuliwa sambamba kama pacha kliniki, akauliza, "Umenunua nakala ya kitabu chako?" Sikumjibu. Na Afrika? Misri.

Nikarudi dukani na risiti. Ninataka wote mjue jambo hili hasa, dola 45 ziacheni kando. Nilizungumza kwa adabu. Nikamweleza kwamba nilimuuliza, na yeye akanijibu. Akaweka brashi chini safari hii, akanitazama, akasema: "Jina si tofauti? Jalada si tofauti? Basi ni tofauti." Halafu akamgeukia mteja mwingine wakacheka. Kitabu kilichofunguliwa hakirudishwi, akanionyesha karatasi ukutani. Yaani plastiki ambayo ilinizuia kukijua kitabu, ndiyo hiyo hiyo kuifungua kumenikosesha haki! Nilitoka pale masikio yananiwaka. Nyota? Sitoi hata moja. Duka sifuri, kitabu sifuri, na TSR, ile kampuni iliyokichapa, sifuri pia, ijapokuwa ilishakufa zamani.

Alhamisi nikalimwaga mezani nikitegemea kuungwa mkono. Wapi! Kumbe ni ugomvi wa zamani sana, wazungu hawa wamezeeka nao. Mmoja akasema kubadili jalada la Otus ilikuwa dhambi, huyu Easley anachora vizuri lakini michoro yake huioti usiku. Mwingine akasema Easley ndiye aliyeufanya mchezo uonekane wa watu wenye akili timamu. Ndipo yule mkubwa wetu, mzee wa miaka sitini na kitu, akaeleza. Miaka ile ya themanini makanisa mengi Marekani yaliamini mchezo huu unafundisha ushetani. Mama mmoja aliyefiwa na mwanawe, Patricia Pulling, akaanzisha chama cha kuupinga, BADD, mwaka 1983. Miaka miwili baadaye neno "miungu" likatoka kwenye jalada, na wengi wanaamini hiyo ndiyo sababu. Mama yake huyu mzee alikuwa amekitupa kile cha kwanza kwenye pipa la taka kwa mikono yake. Cha pili, chenye jina la hekaya, alimnunulia mwenyewe sikukuu ya kuzaliwa.

Kwa hiyo lile jina lilikuwa pasi ya kuingilia nyumbani. Nikanyamaza kidogo. (Ingawa pasi ya kusafiria si kisingizio cha kunidanganya mimi kaunta miaka arobaini baadaye.)

Jumapili nikampigia mama Tanga, shikamoo, marahaba baba, habari za huko, nikamsimulia. Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa mwanangu, mimi hapa nina doti tatu za kanga, mji ule ule, pindo lile lile, maua yale yale. Jina tu mbalimbali. Moja nilinunua kwa ajili ya shangazi yako alivyonisema. Nani kaniibia?" Nikamwambia mama, lakini wewe uliisoma kabla ya kununua, hukufungiwa kwenye plastiki. Akasema, "Hapo sawa. Huyo wa dukani hana adabu." Afadhali.

Basi nifanyeje na hukumu yangu? Kitabu nakipandisha nyota tatu. Nne, ukiwa huna kile cha kwanza. Jina lenyewe liliwarudia wapinzani: mwaka 2002 kikatoka kipya kabisa cha toleo la tatu, na jalada likasema tena Deities and Demigods bila kuogopa mtu. Nikiwa mkweli, ule uti wa chungwa unapendeza rafuni, na mezani sasa vinatumika vyote viwili, maana watu wawili wanaweza kumtafuta Zeus kwa wakati mmoja bila kunyang'anyana.

Duka linabaki sifuri. Juzi nilipita dirishani, yule mchawi wa risasi amemalizwa, kilemba cha bluu, amewekwa kwenye onyesho. Amepakwa vizuri, mshenzi yule. Sikuingia.