Kuondoka au kubaki: njia mbili za Wakristo wa LGBTQ Marekani

Wa kwanza waliondoka kwenye makanisa yaliyowakataa. Oktoba 6, 1968, Troy Perry, mchungaji wa Kipentekoste aliyevuliwa uchungaji kwa sababu ya ushoga, aliendesha ibada nyumbani kwake Huntington Park, karibu na Los Angeles. Walifika watu 12. Sebuleni humo ndimo lilimoanzia kanisa la Metropolitan Community, lililofungua milango kwa watu wa LGBTQ. Njia hii inakupokea leo hii, bila kungoja kura ya mtu. Lakini mama yako na kwaya iliyokulea wanabaki kule ulikotoka, na hilo linauma.

Wengine walibaki wakadai nafasi yao. Mwaka 1972 Kanisa la United Methodist liliandika kwamba ushoga haupatani na mafundisho ya Kikristo. Maneno hayo yalifutwa Mei 2024, kwenye mkutano mkuu wa Charlotte. Piga hesabu: aliyekuwa na miaka 20 alifikisha 72. Wako waliozikwa wakisubiri! Tena maelfu ya sharika, nyingi zikipinga kulegeza msimamo huo, zilikuwa zimeshajitoa.

Hata hivyo naegemea kubaki. Mtoto anayebatizwa Jumapili hii hakujichagulia kanisa, na akishajitambua atahitaji kumkuta humo ndani mtu aliyemtangulia.