Upanga wa Kijapani kwa dola 240: bapa safi, mpini wa kurekebisha

Ukitafuta katana ya bei nafuu utasomeshwa habari za chuma mpaka uchoke: namba za chuma, idadi ya mikunjo, makali yanayopasua karatasi ikiwa hewani. Mpini hautajwi, au unatajwa kwa rangi ya kamba yake tu. Upanga wangu nimeshautumia msimu mzima wa mazoezi, na akiniuliza mtu mwenye dola mia mbili au mia tatu mfukoni, namwambia aulizie mpini kwanza. Chuma cha viwandani siku hizi ni kizuri hata kwenye panga za bei ya chini. Gharama hubanwa kwenye ile mbao iliyofunikwa, ambayo mnunuzi haioni pichani.

Naishi Houston, Texas, na ninajifunza iaido, sanaa ya kuchomoa upanga, kukata na kuurudisha alani kwa mpangilio maalumu. Mwanafunzi huanza na bokken, upanga wa mbao, kisha hupanda kwenye iaito, ambayo ina umbo kamili la upanga lakini haina makali. Iaito za Japani hutengenezwa kwa aloi ya zinki na alumini, haziwezi kunolewa, kwa sababu sheria ya huko ya bunduki na panga, ya mwaka 1958, imezibana vikali panga za chuma. Upanga halisi lazima ufuliwe na mhunzi mwenye leseni, aliyekaa kwa mwalimu wake si chini ya miaka 5, na kwa mwezi haruhusiwi kutengeneza zaidi ya panga ndefu 2. Kwa hiyo upanga mpya wa Japani ni maelfu ya dola, na hapo hujalipia usafirishaji.

Iaito ninayo na naipenda. Nilichokosa ni upanga wa kukatia mikeka, zoezi liitwalo tameshigiri. Kwa mtu wa kipato changu njia ni moja, nayo inaelekea China, hasa Longquan katika jimbo la Zhejiang, mji ambao umefua panga karne na karne na sasa unazipeleka kwa wingi kila pembe ya dunia. Ipo pia Hanwei ya Dalian, jina ambalo wakataji mikeka wa Marekani wanalitaja sana. Mimi nilichukua wa Longquan kutoka duka la mtandaoni lenye ghala hapa hapa Marekani, dola 240 pamoja na kuletewa. Ghala la hapa lina maana yake: tangu Mei 2025 vifurushi vidogo kutoka China havisamehewi tena ushuru, na bei uliyoiona kwenye skrini inaweza kukugeukia mlangoni.

Niliagiza chuma cha 1060. Tarakimu mbili za mwisho zinaonyesha kaboni: 1045 ina asilimia 0.45, 1060 ina 0.60, 1095 ina 0.95. Kaboni ikizidi, makali yanaweza kuwa magumu zaidi na kudumu, lakini chuma kinakuwa chepesi kumeguka ukikosea. 1060 iliyopashwa moto na kuchovywa majini au mafutani sawasawa mwili mzima inavumilia mkono ambao bado unajifunza, na mkono wangu bado unajifunza. Kuna pia 9260, chuma cha aina ya springi, ambacho ukikipinda kinajirudi chenyewe. Wenzangu wawili dojoni, ukumbini tunakofanyia mazoezi, wanakisifu, sijakitumia.

Mikunjo sikuilipia. Wahunzi wa Japani walikunja chuma kwa sababu chuma chao, tamahagane, kilitoka tanuruni na uchafu mwingi na kaboni isiyolingana. Kukikunja na kukipiga kulikisafisha na kukisawazisha. Chuma cha kiwandani kimeshasawazishwa kabla hakijafika kwa mhunzi. Ukilipia mikunjo leo umelipia michoro juu ya bapa. Ni mizuri kutazama, na kama upanga ni wa kuweka kwenye stendi sebuleni, lipa kwa raha zako.

Hamon nayo, ule ukungu mweupe unaofuata makali, sikuilipia, ingawa hiyo nimeitamani. Ya kweli hupatikana hivi: mgongo wa bapa hupakwa udongo mzito, makali hupakwa mwembamba au huachwa wazi, kisha bapa likiwa jekundu kwa moto huchovywa. Makali hupoa ghafla na kuwa magumu, mgongo hupoa taratibu na kubaki laini, na mpaka wa pande hizo mbili ndio ukungu wenyewe. Kwenye panga za bei ya chini mara nyingi mpaka huo umechorwa kwa tindikali au brashi ya waya. Inamisha bapa chini ya taa moja kali: ya kweli ina chembechembe zinazometa na vijiwingu visivyofanana, ya brashi ni wimbi lile lile toka mwanzo hadi mwisho. Tena upanga wa udongo, kwa ule mgongo laini, ukikata vibaya hupinda na kubaki umepinda. Si wa kujifunzia kukata.

Urefu. Mimi nina sentimita 172, nikachukua bapa la shaku 2 na sun 4, yaani kama sentimita 72.7. Ukiushika upanga mkono ukiwa umelegea chini, ncha isiburuze sakafuni. Bila mfereji ubavuni. Mfereji, bo-hi, unapunguza uzito na unatoa ule mlio mtamu wa upepo ukipunga kwa usahihi, ndiyo maana iaito nyingi zina mfereji, lakini kwa kukata bapa lenye mfereji linapinda upesi zaidi.

Kifurushi kilifika salama, bapa likiwa limepakwa mafuta mazito ya kuzuia kutu. Nililifuta kwa spiriti na kitambaa laini, kutoka upande wa mpini kuelekea ncha, vidole mbali na makali. Chini ya mafuta nilikuta kazi nzuri kuliko nilivyotarajia: mstari wa mgongo umenyooka, ncha imekatwa kwa pembe safi, makali yanalingana toka kwenye kola, ile pete ya shaba kwenye shina la bapa, hadi mbele. Karatasi ya gazeti ilipasuka bila kuvutwa. Uzito kwenye mizani ya jikoni, bila ala, ulikuwa kilo 1.1 na kidogo. Iaito yangu haifiki kilo moja, na bega linaujua huo utofauti kabla ya mizani.

Nilipoupunga nikasikia mgongano mdogo ndani ya kiganja, tik, kila upanga uliposimama. Nikampelekea rafiki yangu, seremala, mtu wa Tanga. Akaugonga mpini kwa kifundo cha kidole, akishuka polepole.

“Sheikh, sikiliza hapa. Huku juu pamejaa. Hapa katikati patupu.”

“Na mwishoni?”

“Mwishoni pamebanwa kwa ujanja. Tufungue.”

Mpini wa katana haugundishwi. Bapa linaendelea na mkia wa chuma unaoingia katikati ya mbao mbili zilizochongwa ndani, na kinachozuia upanga usichomoke ni kijiti cha mwanzi kinachopenya mbao, chuma, na mbao tena. Wangu ulikuwa na vijiti viwili. Kimoja kilihitaji nyundo ndogo. Cha pili nilikisukuma kwa kidole gumba kikatoka. Bapa la zaidi ya sentimita 70, makali kama wembe, nusu ya ulinzi wake inatoka kwa kidole gumba.

Mkia wenyewe ulikuwa mzuri, mpana, ukienda karibu robo tatu ya mpini, unene ule ule wa bapa. Mbao ndiyo aibu. Upande mmoja ulikuwa umechongwa kupita kiasi, kisha ukajaziwa vipande viwili vya mbao nyepesi vilivyobandikwa ovyo.

“Huyu alichonga huku anawahi basi,” akasema fundi.

Aliving'oa, akapaka mkia chaki, akauingiza na kuutoa kuona unapogusa na usipogusa, akabandika vipande vya ubao mwembamba mahali patupu na kuvipunguza kwa msasa hadi chaki ikaacha alama urefu wote. Kazi ya jioni nzima, nami nikiwa wa kushika taa. Vijiti vipya alivichonga kwa mwanzi mkavu, vyembamba upande mmoja kidogo, vikaingia kwa kugongwa. Mwanzi una sababu yake: hata ukivunjika nyuzi zake hushikana, hauachii kwa mpigo. Mtu asije akakuambia uweke msumari.

Nje, mpini haukuwa mbaya. Umefunikwa kwa ngozi ya taa, huyu huyu taa tunayemla pwani, na vile vinundu vya ngozi yake ndivyo vinavyoishika kamba isiteleze. Ila hapa ngozi ni vipande viwili vilivyobandikwa ubavuni, haikuzunguka mpini wote. Kwa bei hii ndiyo kawaida. Kamba ni ya pamba, imebana vizuri, na inapokutana inabadilishana, mara ya kulia juu, mara ya kushoto juu. Hilo unaweza kulikagua pichani kabla hujalipa. Kamba inayopishana upande mmoja tu kila mara ni dalili ya mpini uliosukwa kwa haraka, na ukienda haraka nje, ndani nako umeenda vipi?

Ala ililegea. Kola ya shaba iliyo chini ya bapa ndiyo inapaswa kubana mdomo wa ala, kiasi kwamba ukiugeuza upanga juu chini hauchomoki. Wangu ulichomoka. Kipande cha ubao mwembamba ndani ya mdomo kilimaliza shida. Wakati wa kuchomoa kumbuka makali yatazame juu na upanga utembee kwa mgongo wake. Ukiukandamiza kwenye makali unaichana ala kutoka ndani, na vidole vya mkono wa kushoto viko pale pale nje.

Kisha mikeka. Ni mikeka ya nyasi ileile ya sakafu za Kijapani, unaikunja, unaifunga kwa mpira, unailoweka kama siku nzima, unaisimamisha kwenye kigingi. Mkato wa kushuka kwa mshazari ukiwa na mwelekeo sahihi hauhisi kitu. Mkeka unakaa nukta moja halafu kipande cha juu kinateleza. Ukiwa na mwelekeo mbovu upanga unakwama katikati na mkeka unapinda. Hapo upanga hauna lawama. Makali ya 1060 yamevumilia mikato yangu yote, mizuri na ya hovyo, bila pengo. Ule ung'aaji wa kioo umeondoka, nyasi zimechora mikwaruzo myembamba ubavuni, na anayetaka upanga wa kuonyesha wageni asikatie mikeka kabisa. Mpini wa kutengenezwa upya haujalia tik tena. Kabla ya kila zoezi vijiti vinakaguliwa, na dojoni kwetu asiyekagua hakati.

Maji ya mikeka ni adui wa chuma hiki. Kinapata kutu upesi, hasa chini ya kola ambako unyevu unajificha, kwa hiyo nafuta papo hapo na kupaka mafuta kidogo sana, bapa lionekane kama limepumuliwa. Mafuta ya choji, yale ya Kijapani, ni mafuta ya madini yenye harufu ya karafuu. Mimi mtoto wa Pemba nilikifungua kile kichupa nikajikuta natafuta majamvi ya kuanikia. Kwa kazi hii mafuta mepesi ya madini ya dukani yanatosha, ni rahisi mara kadhaa. Choji nanunua kwa sababu ya pua.

Upande wa sheria, Texas tangu tarehe 1 Septemba 2017 mtu mzima anaruhusiwa kubeba bapa linalozidi inchi 5 na nusu, pamoja na panga, isipokuwa sehemu zilizotajwa: shule, hospitali, baa, nyumba za ibada na nyinginezo. Nikitoka mazoezini kwenda kuswali, upanga unabaki umefungwa ndani ya buti ya gari. Uingereza ni habari nyingine: panga zilizopinda zenye bapa la sentimita 50 au zaidi zilipigwa marufuku mwaka 2008, zikasamehewa zile zilizofuliwa kwa mkono kwa njia za jadi, kwa hiyo walioko huko wasome maelezo ya bidhaa kwa makini. Walioko nyumbani Afrika Mashariki, ulizeni forodha na polisi kabla ya kulipa senti moja. Bokken ya mbao ngumu anaichonga seremala yeyote mzuri mkimpa vipimo, na itakufundisha mwaka mzima kabla hujahitaji chuma.

Na zile za dola 50 au 60 zenye joka mpinini, za chuma kisichoshika kutu? Hizo ni pambo la ukutani. Mkia wake mara nyingi ni nondo nyembamba iliyochomelewa. Usizipunge, hata kwa utani, hata kwa picha.

Kwa jumla bapa linapata alama nzuri kabisa, ala wastani, mpini kama ulivyotoka kwenye kasha haukufaa kupungwa. Nikinunua tena nitaongeza dola 60 au 80 kwa duka linalopiga picha mkia na mbao za ndani. Wapo wachache wanaofanya hivyo. Muuzaji wangu nilimtumia picha za ile mbao na kile kijiti. Hakubisha, alisema niurudishe kwa gharama yangu au nipokee dola 25. Nikapokea, nikanunulia mikeka.