Windows 11 kauntani: ya kurudisha kama zamani na ya kuyazoea

Kwa muda mrefu nilikataa kuhamisha kompyuta za duka langu la steshenari kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, kwa sababu moja tu: mkono uliokwisha kuzoea kona fulani ya skrini haupendi kusumbuliwa. Kitufe cha Start kilikaa chini kushoto tangu Windows 95, na hata kilipoondolewa katika Windows 8 kilirudishwa palepale mwaka uliofuata. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, ilikipeleka katikati. Ubishi wangu uliisha tarehe 14 Oktoba 2025 ilipokaribia, siku ambayo msaada wa kawaida wa Windows 10 ulifikia kikomo, kwa kuwa kompyuta inayochomekwa flashi za kila mpita njia haifai kukaa bila masasisho ya usalama.

Nianze na hicho kitufe. Tatizo la kukiweka katikati ni kwamba hakitulii, kwani safu nzima ya aikoni hujipanga upya kila unapofungua programu nyingine, na Start husogea kidogo kushoto. Kona, kinyume chake, haihitaji macho. Unasukuma kipanya hadi kigote, unabofya, huku unaendelea kumsikiliza mteja. Dawa yake haizidi dakika moja: bofya kulia kwenye upau wa kazi, yaani ule mstari wa aikoni ulio chini ya skrini, fungua mipangilio yake, shuka hadi Taskbar behaviors, kisha chagua Left. Hapohapo unaweza kuagiza kila dirisha lionyeshe jina lake badala ya madirisha yote kurundikwa chini ya aikoni moja. Uwezo huo ulikuwepo katika Windows 10, ukaachwa toleo jipya lilipotoka, ukarudi mwaka 2023. Anayefungua barua tano za maombi ya kazi za watu watano tofauti anajua kwa nini majina yale ni ya lazima.

Lililonichukua siku nyingi zaidi ni menyu ya kubofya kulia. Ya zamani ilikuwa ndefu, lakini iliandikwa kwa maneno. Mpya imefupishwa, na kazi tunazozifanya mara mia kwa siku, yaani kukata, kunakili, kubandika, kubadili jina na kufuta, zimegeuzwa vialama vidogo katika mstari mmoja. Mstari huo wenyewe huonekana juu ya menyu au chini yake, kutegemea kipanya kilipo, ili uwe karibu na mkono. Nia ni njema, lakini aliyezoea kwamba "nakili" ipo mahali fulani hujikuta anaitafuta upya kila mara. "Dada, pa kunakilia pako wapi?" aliniuliza kijana wa dukani siku ya kwanza, na mimi nikakodoa macho kama yeye. Sasisho la mwaka 2024 liliongeza maneno chini ya vialama hivyo, na hilo peke yake limepunguza nusu ya maswali. Ukiitaka menyu nzima ya zamani, shikilia Shift unapobofya kulia. Wapo wanaoirudisha moja kwa moja kwa kuhariri rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows. Kwenye kompyuta ya biashara sipendekezi. Badala yake, nimejilazimisha kutumia Ctrl+C, Ctrl+V na F2 ya kubadili jina, njia ambazo hazijabadilika miaka yote hii na ambazo, nakiri, nilipaswa kuzizoea mapema.

Yapo ambayo sasa nisingekubali kuyapoteza. Tangu mwaka 2022 dirisha la mafaili lina vichupo kama vya kivinjari, hivyo flashi ya mteja hukaa katika kichupo kimoja na folda ya vyeti nilivyoviskani katika kingine, bila madirisha kufunikana. Vilevile, Windows+Z huonyesha namna za kugawa skrini. Mkataba ulioandikwa kwa mkono na kuskaniwa ukikaa upande mmoja na Word upande wa pili, kuchapa kunakwenda haraka zaidi.

Kabla ya kuhamia, hakikisha mashine yako inakidhi masharti: RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, nafasi ya kuhifadhi ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa (ubongo wa kompyuta) iliyo katika orodha inayokubalika. Kwa mashine nyingi za mtumba, prosesa ndiyo kikwazo, wala kuongeza RAM hakusaidii.

Kwa anayefanya kazi za ofisi kila siku, naipendekeza, mradi atenge robo saa ya kupanga mambo hayo kabla ya kumfungulia mteja wa kwanza. Kijana wangu, ambaye hana kumbukumbu ndefu ya kona ya kushoto, alilalamika kwamba nimemhamishia Start. Kwa bahati nzuri mpangilio huo hufuata akaunti ya mtumiaji, kwa hiyo tumefungua akaunti mbili kwenye kompyuta moja: yangu Start iko kushoto, yake iko katikati.