Uzoefu wangu na mhudumu wa nyumbani wa kumuuguza baba baada ya kiharusi

Mhudumu tuliyenaye sasa nampa kumi kwa kumi, ofisi iliyomleta naipa tano tu, na nitaeleza kwa nini.

Baba kiharusi kilimpiga upande wa kulia, mkono na mguu vikalegea kabisa na maneno yakawa hayatoki. Aliporuhusiwa hospitali sisi watoto wote tuna kazi, na mama naye umri umeenda hawezi kumnyanyua mtu mzima kitandani, ndo tukachukua mhudumu wa mchana kupitia kampuni, usiku tunapokezana wenyewe.

Wa kwanza kuletwa alikuwa mpole, msafi, kila mtu nyumbani alimpenda, ila alikuwa anamfanyia mzee kila kitu, anamlisha, anampiga mswaki, anamfunga vifungo, mzee kakaa tu. Ukiangalia unaona hapa baba anatunzwa kweli. Mtu wa fizio, yaani wa mazoezi ya viungo, alivyokuja akakataa palepale, akasema kile anachoweza mwacheni afanye mwenyewe hata kama shati moja litachukua nusu saa, manake ubongo unajifunza upya kwa kurudiarudia na miezi ya mwanzo ndo mwili unarudi kwa kasi, ukimfanyia kila kitu unamnyima mazoezi.

Wa pili ndo huyu ninayemsifia. Siku anaingia alimwamkia mzee kabla ya kuongea na sisi, shikamoo baba, halafu akasubiri ajibiwe. Jibu lilichelewa na halikueleweka ila alisubiri, na mimi hapo nikajua huyu ni mtu wa tofauti, kwa sababu wengi wakiona mtu haongei wanadhani na akili imeondoka, wanamjadili mbele yake kama hayupo. Baba anaelewa karibu kila kitu. Huyu dada anazima redio, anakaa usawa wa macho yake, anauliza swali moja la ndiyo au hapana, kisha ananyamaza ampe muda.

Na huo mkono jamani, MSIUVUTE. Bega la upande uliopooza misuli haina nguvu ya kulishikilia, mtu akimnyanyua mgonjwa kwa kumvuta mkono au kumshika kwapani anaweza kulitegua na maumivu yake yanakaa muda mrefu. Yeye kumvalisha anaanza na mkono mgonjwa, kuvua ule mkono unatoka mwisho, kumhamisha kitandani kiti anakiweka upande wenye nguvu, breki zimefungwa, na baba mwenyewe ndo anaanza kuinuka.

Kula ndo kulikuwa kunanitisha kuliko vyote. Maji matupu yalikuwa yanampalia, na yakiingia njia ya hewa mgonjwa anaweza kuishia na nimonia, kwa hiyo hospitali walituelekeza vinywaji viwe vizito. Mama alikuwa anamwonea huruma anataka kumpa hata funda moja, yule dada akamwelewesha taratibu bila kumvunjia heshima, mama angu, wakishampima tena kumeza wakaruhusu tutampa. Anamlisha kakaa wima, kijiko kidogo, anaangalia kama chakula hakijabaki kwenye shavu lililolegea, na baada ya hapo hamlazi mpaka kama nusu saa ipite.

Kingine ni daftari. Presha, dawa, choo, ngozi ya visigino na makalio kama imeanza kuwa nyekundu, saa aliyogeuzwa. Ni kwenye hilo daftari tuliona mzee analia sana na anakataa mazoezi, sisi tulidhani ni ukaidi, kumbe huzuni baada ya kiharusi inawapata karibu mmoja kati ya watatu na inatibika. Daktari alianza kumtibu na mazoezi yakarudi.

Sasa ofisi. Walituahidi mtu mwenye uzoefu wa kiharusi, yule wa kwanza alikuwa amezoea wazee wanaotembea wenyewe. Walisema msimamizi atakuwa anapita kukagua, hajawahi kupita. Na yule dada akipata udhuru walikuwa wanaleta mtu mwingine bila hata simu, mtu hajui kama baba anapaliwa na maji, hajui mkono upi mgonjwa, hii imenikera kuliko kitu chochote kwa sababu kosa dogo tu hapo linamrudisha mzee wodini.

Kama unatafuta huduma kama hii usiishie kuuliza cheti, mwambie mhudumu amhamishe mzazi wako kutoka kitandani hadi kwenye kiti wewe ukiwa umesimama hapo, utaona anashika wapi. Uliza pia nani anakuja siku yeye hayupo, na huyo mbadala aje mapema ashinde naye siku moja ajifunze. Sisi tumewaandikisha kwenye mkataba kwamba hakuna kubadilisha mtu bila kutuambia kabla, na tangu wasaini wamepiga simu kila mara.