Maonyesho ya Picha za Warukaji wa Pentecost

Jumamosi iliyopita nililipa shilingi 500 kutazama, katika ukumbi mdogo katikati ya jiji la Nairobi, picha za naghol, yaani desturi ya wanaume wa kisiwa cha Pentecost, nchini Vanuatu, ya kujirusha kichwa chini kutoka kwenye mnara wa miti wenye kimo cha mita 20 hadi 30, miguu ikiwa imefungwa kwa mimea itambaayo ya msituni. Picha moja ya kifundo cha mguu ilinisimamisha kwa muda mrefu: ncha ya mmea imechanwa ikawa nyuzi nyuzi, nazo zimezungushwa na kukazwa kwenye ngozi tupu.

Kijana aliyetuongoza alifafanua vizuri mno kwamba miruko hufanyika kati ya Aprili na Juni, wakati wa mavuno ya viazi vikuu, mimea inapokuwa na utomvu wa kutosha kuifanya inyumbuke. Mwaka 1974, iliporukwa nje ya msimu mbele ya Malkia Elizabeth II, mmea ulikatika na mrukaji akafariki. Maelezo hayo pekee yalistahili kiingilio changu.

Kilichonisikitisha ni maandishi ya ukutani, madogo na ya Kiingereza pekee, hata mzee mmoja akaniomba nimsomee.