Kofia ya jeli kwa kipandauso: inapoza utosi, inasahau shingo

Kofia ya jeli ya baridi ni ile inayovutwa kichwani kama soksi: ndani ina jeli, nje kitambaa cha kunyumbuka, na inashuka hadi kufunika macho. Wauzaji huinadi kuwa tiba ya kipandauso bila vidonge. Nyingi hutoka viwanda vya China, na aghalabu ni kofia ile ile iliyobandikwa nembo tofauti na kupandishiwa bei, kwa hiyo hapa hatupimi nembo. Tunapima umbo, mshono na jeli, na kama kitu chenyewe kinafaa kichwa chenye nywele zetu, katika nyumba ambayo umeme hukatika.

Hilo neno "tiba" liwekwe kando kwanza. Kipandauso kisichotibiwa huchukua kati ya saa 4 na 72, na kofia haikikatizi. Kazi yake ni kupunguza makali kwa muda: ubaridi husinyaza mishipa midogo ya damu, hupunguza kasi ya neva kupeleka maumivu, na hutia ngozi ganzi. Jambo lenyewe ni la zamani. Katika karne ya 19 huko Uingereza, daktari James Arnott alikuwa akiwapoza wagonjwa wa kichwa kwa barafu iliyopondwa na kuchanganywa na chumvi. Faida yake kwa mtu wa leo ni kwamba hupunguza idadi ya vidonge. Anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, mwezi baada ya mwezi, anajiweka karibu na maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa zenyewe; kwa triptani, yaani dawa maalumu za kukatiza kipandauso, na kwa vidonge vyenye mchanganyiko wa dawa zaidi ya moja, siku 10 zinatosha kumfikisha huko.

Ushahidi kuhusu ubaridi si mwingi, na utafiti unaotajwa zaidi haukuhusu kofia kabisa. Ulifanyika Hawaii, ukachapishwa mwaka 2013, na wagonjwa walivaa mkanda wa barafu shingoni, pale mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani inapopita karibu na ngozi. Baada ya dakika 30, waliovaa mkanda uliogandishwa walikuwa wamepungukiwa na maumivu kwa karibu theluthi, ilhali kwa waliovaa usiogandishwa yalikuwa yameongezeka kwa karibu kiasi hicho hicho. Kuna dosari moja isiyokwepeka: mtu anajua kama alichovishwa ni cha baridi au la, hivyo sehemu ya nafuu huenda ni matumaini tu. Hata hivyo somo la mahali pa kuweka ubaridi linabaki pale pale.

Sasa itazame kofia inayouzwa. Jeli nyingi imerundikwa utosini. Shingo haina kitu. Na utosini ndipo penye nywele, ambazo huzuia baridi kama blanketi. Mwenye rasta, misuko minene au nywele za kushonea atavaa kofia robo saa na ngozi ya kichwa isihisi chochote, huku paji la uso likiganda. Si kofia mbovu, ila inamwaga baridi yake pasipohitajika. Sehemu zinazofanya kazi ni tatu tu: paji la uso, panja zote mbili, na kisogo pale chini nywele zinapoishia. Kofia isiyofika sehemu hiyo ya tatu imefanya kazi nusu.

Ndiyo maana katika aina mbili zilizo sokoni, tunapendelea ile isiyopendwa na wauzaji: mkanda wa kufunga kwa velkro, wenye vifuko vya jeli vilivyopangwa kama vipande vya barafu. Unazungushwa panja na paji, au unashushwa shingoni, na mtu anaukaza atakavyo hata akiwa amesuka. Udhaifu wake ni kwamba velkro hunasa nywele na kuchoka upesi, na kati ya kifuko na kifuko pana nafasi isiyopoa. Kofia nzima ina sifa moja ambayo mkanda hauna: giza. Kwa mtu ambaye mwanga wa dirishani unamchoma kama sindano, giza hilo peke yake linaweza kuwa nusu ya nafuu. Mwenye nywele fupi na nyumba yenye mwanga mwingi, achukue kofia. Wengine wote, mkanda.

Dukani, kabla ya kulipa, inuse. Sio utani. Harufu kali ya plastiki mpya huwachokoza wengi wenye kipandauso, na kofia inayonuka ikiwa ya moto itanuka pia ikiwa ya baridi, imekaa juu ya pua yako. Ikiwa harufu ni ndogo, kuianika kivulini siku mbili tatu huimaliza. Ikiwa inakukera hapo hapo dukani, iache. Kisha bonyeza jeli kwa kidole gumba uone kama inarudi. Ikikimbilia upande mmoja na kuacha ngozi tupu, haijagawanywa vizuri, na hapo patakuwa na joto. Ikunjue uangalie mshono wa ukingo wa chini, kwa sababu hapo ndipo kofia hupasukia: watu huivuta kwa ncha za vidole na kucha. Ivae pia, hata kama muuzaji anakunja uso. "Saizi moja kwa wote" ni kauli ya kichwa kisichosukwa; na kofia inayobana ikiwa na joto la dukani itabana zaidi ikitoka friza, maana jeli ikipoa sana hukakamaa.

Kubana ni suala linalostahili uangalifu. Nyumbani kwetu mtu akiumwa kichwa hujifunga kitambaa au upindo wa kanga, na wengi hupata nafuu ya kweli kwa mkazo huo. Lakini mkazo ukizidi huleta maumivu ya kichwa yake yenyewe, ambayo madaktari wanayatambua kama aina kamili: huanza ndani ya saa moja ya kubanwa, hupotea ndani ya saa moja baada ya kuachiwa. Anayesema "kofia iliniongezea maumivu" mara nyingi amekutana na hili. Wapo pia ambao wakati wa shambulio ngozi ya kichwa huuma hata kwa kuguswa na kitana. Hao wasivae kofia wala mkanda kichwani, waweke ubaridi shingoni bila kufunga.

Kugandisha: saa 2 kwenye friza zinatosha kwa kofia nyingi. Iweke ndani ya mfuko wa zipu, ikiwa imelala bapa, mbali na samaki na nyama. Kitambaa chake hunyonya harufu, na kichefuchefu cha kipandauso hakihitaji msaada wa harufu ya changu. Itoe dakika 5 kabla ya kuvaa. Tanguliza kitambaa chembamba cha pamba, upande wa kanga au fulana kuukuu, kati yake na ngozi, kwa kuwa friza ya kawaida hugandisha hadi nyuzi 18 chini ya sifuri na ngozi ya paji ni nyembamba. Vaa dakika 15, zisizidi 20, kisha pumzisha ngozi kwa muda kama huo. Kuungua kwa baridi hutokea zaidi kwa anayelala usingizi nayo, hivyo tega saa ya simu, mtetemo tu. Ngozi ikigeuka nyeupe au ikipoteza hisia, vua papo hapo.

Wakati wa kuivaa una uzito kuliko bei yake. Dalili za mwanzo zikitokea, shingo ikianza kukaza, miayo isiyoisha, mwanga kuanza kukera, hapo ndipo. Mtu aliyeamka saa nane usiku na maumivu yameshakomaa atapata ganzi ya ngozi na si zaidi. Kunywa maji, zima taa, lala kiubavu. Kiubavu, kwa sababu anayelala chali macho yamefunikwa kisha akatapika yuko hatarini, na kofia nyingi zina uzito wa karibu nusu kilo unaovuta shingo.

Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, baridi ya kofia moja huisha upesi, mara nyingi kabla ya nusu saa, na kuigandisha upya ni saa 2 nyingine. Hapa ndipo tangazo la "nafuu ya saa nyingi" linapoanguka. Mbili za kupokezana, moja kichwani na nyingine kwenye friza, zina maana kuliko moja ya ghali. Umeme ukikatika usiifungue friza. Kofia iliyozungukwa na vitu vilivyoganda hukaa baridi muda mrefu.

Madai ya kwamba inafaa pia kupashwa moto kwenye maikrowevu tunayaweka chini sana. Mishono hufumuka, jeli hupata sehemu za moto usizozihisi kwa mkono, na joto linasaidia zaidi mabega yaliyokaza kuliko kichwa kinachogonga. Taulo la maji ya moto linafanya kazi hiyo bure.

Wasiotakiwa kuitumia bila kuongea na daktari: wenye selimundu, kwani baridi inaweza kuamsha maumivu ya ugonjwa wao, wanaovimba au kutoka vipele kwa baridi, ambao vidole vyao hufa ganzi na kubadilika rangi kwenye baridi, na wenye kisukari ambao ngozi yao imepungukiwa na hisia. Na kuna maumivu ya kichwa ambayo si ya kofia wala kidonge cha nyumbani: yaliyolipuka ghafla kwa nguvu zote, yenye homa na shingo ngumu, yenye udhaifu wa upande mmoja au ulimi mzito, yaliyofuata kuanguka, au makali kwa mjamzito, ambaye lazima apimwe shinikizo la damu siku hiyo hiyo. Kichwa na homa, pima malaria kwanza.

Kama fedha ni suala, mbadala wa jikoni unakaribia sana. Lowesha taulo dogo, likamue, likunje mara tatu kwa urefu, liweke ndani ya mfuko wa zipu na kwenye friza dakika 30 hadi 40, likiwa limepinda mfano wa shingo ili lisigande likiwa limenyooka kama ubao. Anayetaka kitu kinachobaki laini achanganye vikombe 2 vya maji na kikombe 1 cha spiriti ndani ya mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Huwa uji wa barafu. Ukivuja, harufu ya spiriti itaharibu kila kitu, kwa hiyo wengine hutumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo isiyo na manukato, nayo hugeuka jeli. Ambacho jikoni hakuna ni lile giza la kofia, ila hata hilo kanga nyeusi iliyokunjwa mara mbili hulileta.